Mrejesho: njia ya kiti mwendo kituo cha mabasi

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza namna ya kuwabana wasimamizi wa kituo watengeneze njia ya mteremko ya kiti mwendo, maana mdogo wangu alikuwa anabebwa kama mzigo.

Aliyenishauri niache maneno ya jumla nipeleke vipimo, ubarikiwe sana. Barua ilitaja Ibara ya 9, inayohusu ufikivu, ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, pamoja na mteremko wa 1:12, yaani kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Jukwaa la kupandia basi lina kimo cha sentimita 30, kwa hiyo njia inatakiwa iwe na urefu wa mita 3.6. Ile ya zamani haikufika hata nusu, ndiyo maana magurudumu ya mbele yalikuwa yananyanyuka.

Wameijenga upya, na vishikio pande zote mbili. Dogo anapanda mwenyewe!

Kilichobaki ni madereva. Basi likisimama mbali na jukwaa, gurudumu dogo linazama kwenye pengo, na kazi yote inakuwa bure. Hili naliona zito kuliko ujenzi, linategemea mtu kila siku. Wasioona nao bado hawatangaziwi vituo kwa sauti. Barua nyingine tunaiandika pamoja nao.