Nimeweka kipaumbele kwenye ujumbe, lakini RabbitMQ haikijali: nimekosea wapi?

Fundi_wa_Mkomani: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nimeandika kwa Python programu ya kuwapelekea SMS abiria wa motaboti za Mokowe na Lamu, kupitia RabbitMQ, seva inayopanga jumbe kwenye foleni. Juzi kusi ilichafua bahari na safari ya saa nne ikaahirishwa, lakini tangazo liliwafikia abiria wakiwa wamekwisha kufika gatini na mizigo yao, kwa kuwa lilikaa nyuma ya jumbe 3,000 za biashara zilizotangulia kuingia foleni. Za dharura nazituma kwa `priority=5`, za biashara kwa `priority=1`, na rekodi za seva hazionyeshi kosa lolote. Naomba ushauri.

Mpita_Njia: Ongeza wapokeaji (programu zinazochukua jumbe kwenye foleni), foleni itapungua.

Baharia_wa_Shela: Waalaykum salaam. Kuongeza wapokeaji kutaficha tatizo tu. Namba ya kwenye ujumbe haina nguvu mpaka foleni yenyewe iwe imeundwa kwa kigezo cha `x-max-priority`, yaani kikomo cha kipaumbele. Bila hicho, RabbitMQ huipokea namba yako kimya kimya, kisha hutoa jumbe kwa zamu ya kuingia. Nazungumzia foleni za aina ya classic (za kawaida), maana za quorum (zinazonakiliwa kwenye seva kadhaa) zina taratibu zake. Kikomo chaweza kufika 255, ila kila ngazi hugharimu memori, nami sioni shughuli yako ikihitaji kupita 5. Ujumbe usio na namba huhesabiwa 0.

Fundi_wa_Mkomani: Nimekiongeza, kaka, lakini sasa programu inakatika na kuandika `PRECONDITION_FAILED`, yaani sharti halikutimia.

Binti_Malindi: Foleni ikishaundwa, kigezo hicho hakibadilishwi. Unda nyingine kwa jina jipya, elekeza watumaji huko, na uiache ya zamani imalizike ndipo uifute, la sivyo utapoteza zilizomo. Kisha tazama upande wa kupokea, ambao mimi ulinihangaisha wiki nzima: mpokeaji asiyewekewa kikomo hukabidhiwa jumbe zote zilizopo kwa mkupuo, hivyo ya dharura ikifika haikuti foleni ya kuipita. Weka `basic_qos(prefetch_count=1)`, ili akabidhiwe mmoja mmoja, kabla ya `basic_consume` (amri ya kuanza kupokea), na uhakikishe `auto_ack` (kuhesabu ujumbe umeshughulikiwa mara tu unapotumwa) ni `False`, kwani ikiwa `True` kikomo hicho hakifanyi kazi.

Fundi_wa_Mkomani: Ahsante, dada, yangu ilikuwa `True`. Nimejaribu kwa kujaza jumbe 500 za biashara, kisha nikaanzisha mpokeaji na kutupia moja ya dharura. Imetoka mara tu baada ya ile aliyokuwa nayo mkononi.