Kangaga la ndani linakauka ncha, naomba ushauri

Habari zenu wapenda maua. Nina kangaga aina ya Asplenium nidus, lile lenye majani mapana yanayojipanga duara kama kiota. Niko Dar, na sebuleni kiyoyozi hakizimwi. Majani machanga yanatoka vizuri, ila ya zamani yanakauka ncha. Nashuku maji ya kisima, yana chumvi. Katikati simwagii, najua huoza.

Porini huota juu ya miti, kwa hiyo nafikiria kulihamishia kwenye makumbi ya nazi na vipande vya mkaa. Makumbi niyaloweke kwanza yatoke chumvi?

Halafu ile mistari ya kahawia chini ya majani, imejipanga sambamba kabisa, naamini ni vumbi lake la uzazi. Mama mkwe anasema ni wadudu, tayari kashika kitambaa. Nimzuie?