Tupeane uzoefu: Mnaotunza tovuti za taasisi zaidi ya moja huku Nyanda za Juu Kusini, mnaendaje na mitandao inayobadilika kila kukicha?

Kamwene wakuu. Niko Iringa mjini, natunza tovuti za asasi kadhaa: kituo cha watoto Kilolo, kikundi cha wakulima Mufindi, na jamaa wanaopeleka wageni Ruaha. Kazi ya tovuti yenyewe siyo inayonichosha, ni vikao. Kila mwaka mwenyekiti anaonyeshwa mtandao mpya na mwanawe, basi huo ndio unageuka mkakati.

Kuna waliowahi kuniambia ukurasa wa Facebook unatosha, tovuti ya nini? Januari 2018 Facebook wakatangaza kutanguliza posti za ndugu na marafiki, kurasa za taasisi zikarudi nyuma. Tukahamia Instagram na picha kali. Agosti 2020 zikaja Reels, zile video fupi, picha ya kawaida ikakosa soko. Sasa ni TikTok, na mratibu mwenye miaka hamsini na kitu anaambiwa acheze. Mimi msimamo wangu ni kwamba habari inaandikwa kwanza kwenye tovuti, mitandao inakatiwa vipande kutoka hapo. Nyie wa Mbeya, Njombe na Songwe mnafanyaje?

Mdau wa Mwanjelwa: Mkuu, huku WhatsApp ndiyo kila kitu. Nina chama cha wakulima wa parachichi Rungwe, wanachama hawafungui tovuti hata uwalipie bando. Wanataka bei, tena kwa ujumbe wa sauti. Tovuti nimeiacha kwa ajili ya wanunuzi na wafadhili, na tangu hapo sigombani na mtu.

Mdau wa Njombe: Mitandao inasumbua, ila kilichotutoa jasho sisi ni domeni, yaani anwani ya tovuti. Ile .or.tz yetu ilisajiliwa na kijana aliyekuwa anajitolea, kwa barua pepe yake binafsi. Akapata ajira Dodoma, akaondoka kwa amani kabisa. Notisi za kulipia zikaendelea kwenda kwenye barua pepe ambayo haifungui tena. Tovuti ikazimika wiki ambayo mfadhili alikuwa anatukagua.

Kijana tulimpata siku hiyohiyo, na alikuwa tayari kusaidia. Shida ni kwamba paswedi ameshaisahau, na namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini aliyoacha kuitumia muda mrefu. Kupiga, inapokelewa na mama mmoja wa Makambako aliyeuziwa laini ile upya, anashangaa sisi ni akina nani! Tukaishia kuandika barua yenye mhuri kwa msajili wa domeni, na nakala ya cheti cha asasi.

Siku hizi kila taasisi ninayoitunza ina ukurasa wake kwenye daftari. Naandika domeni imesajiliwa wapi, inaisha lini, nani ana nywila, na kurasa za mitandao zimefunguliwa kwa namba ya nani. Barua pepe lazima iwe ya ofisi, siyo ya mtu.

Mdau wa Uyole: Nakazia hilo la daftari. Kwa mnaojenga tovuti kwa mfumo wa WordPress, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010 unaweza kuendesha tovuti nyingi kwenye mfumo mmoja. Nimefanya hivyo kwa taasisi moja ya dini yenye shule na zahanati, raha tupu, unahuisha mara moja zote zimepona. Ila wateja wasiohusiana usiwachanganye. Programu-jalizi moja (plugin, kile kijiprogramu cha kuongezea) ikigoma wanalala wote, na siku mmoja akitaka kuhama kumng'oa ni kesi. Halafu jamani, punguzeni ukubwa wa picha. Mtu wa Makete hawezi kungoja picha ya megabaiti nane.

Mdau wa Iringa (Kihesa): Mimi asasi yangu ilijipambanua Twitter, hiyo inayoitwa X tangu Julai 2023. Kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti tukaweka dirisha la kuonyesha posti zake, ndiyo ikawa sehemu yetu ya habari. Mei 2025 X ilipozimwa nchini, dirisha likabaki jeupe katikati ya ukurasa. Posti za miaka zote ziko huko, hapa hatuna hata nakala.

Na wewe mleta uzi, hao watoto wa Kilolo wanaingia TikTok kwa ridhaa ya nani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023.

Mleta uzi: Sura zao haziwekwi, mkuu. Tunarekodi bustani, mikono, sauti ya mlezi. Watazamaji ni wachache, na mwenyekiti ananuna. Acha anune.

Mdau wa Vwawa: Swali la njaa: mnachaji kwa mwezi au kwa mwaka?

Mdau wa Njombe: Kwa mwaka. Wateja wangu wengi bajeti yao inaanza Januari, kwa hiyo ankara napeleka Novemba wakiwa bado wanapanga. Ukipeleka Februari utaambiwa fungu la mawasiliano limeshaliwa na fulana.