Mrejesho: wahusika wangu sasa wanatofautiana

Ndugu wachoraji, niliwauliza kwa nini wahusika wa katuni yangu ya Soko la Majengo, hapa Dodoma, walifanana kama ndugu wa tumbo moja, nanyi mkanishauri nianze na umbo jeusi tupu la kila mmoja kabla ya kuchora macho na pua. Muuza zabibu sasa anatambulika kwa mgongo wake uliopinda, hata uso ukifichwa. Mistari minene kwa vilivyo karibu na myembamba kwa vilivyo mbali imeufanya mbuyu wa nyuma kwenye picha uonekane uko mbali, ingawa iliyo myembamba mno ilipotea nilipopunguza ukurasa kutoka karatasi ya A3 hadi A4, iliyo nusu yake. Vivuli vya mistari inayokatizana, mlivyotaka niviondoe, nimevibakiza, kwa kuwa jua la huku ni kali. Maneno ya wahusika nayaandika kwanza, ndipo nayazungushia kiputo, yaani duara la usemi.