Miaka 48: nimezeeka, au nimezeeshwa?

Mleta mada: Wadau, juzi nilikuwa kwenye usaili. Vyeti ninavyo, uzoefu ninao, umri 48. Msaili mmoja, ndevu zake nyeupe pe, akaniuliza: "Utaendana na kasi ya vijana?" Mwanaume wa umri huo anaitwa mkomavu, mimi naulizwa kasi. Hivi umri wa mwanamke unahesabiwa kwa kalenda gani?

Kifimbo: Pole dada, ila mwili haudanganyi. Mwanamke akigonga arobaini hedhi inakoma, nguvu zinakwisha. Hiyo ni biolojia, si ubaguzi. Na hawa wanaopaka rangi kuficha mvi ndio wanajidanganya kabisa.

Mkunga Mstaafu: Kijana, hiyo arobaini umeiokota wapi? Kwa wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Ikikoma kabla ya 40 ni mapema mno, mtu anatakiwa akapimwe. Estrojeni, ile homoni ya kike, inashuka, sikatai: joto linakupanda ghafla, usingizi unakatika, mifupa inaanza kudai uangalizi. Mimi nimezalisha watu zamu ya usiku nikiwa katikati ya hayo. Gauni limelowa mgongo mzima, mkono umetulia kwenye kichwa cha mtoto. Aliyekuwa akisukuma hakuniuliza nina miaka mingapi.

Mama Pacha: Mkunga heshima yako. Ila mimi nimekwama kwenye mvi. Kifimbo, rangi ya kichwa changu inakuwasha wewe?

Kifimbo: Hainiwashi. Nasema tu wiki tatu hazipiti, mstari mweupe huo kwenye njia ya nywele. Bora uache tujue moja.

Mama Pacha: Mjue ili iweje? Mnipishe kiti au mninyime kazi?

Zege: 😂😂 Kifimbo hapo jibu, usikimbie.

Mzee wa Hoja: Turudi kwenye mada. Zamani wastani wa maisha ulikuwa arobaini na kitu, kwa hiyo wa arobaini alikuwa mzee kweli. Maisha yamerefuka, macho ya watu yamebaki kulekule.

Nukta: Mkuu, huo wastani uliburuzwa chini na vifo vya watoto wachanga. Aliyevuka utoto alikuwa na nafasi nzuri ya kuzeeka. Mabibi walikuwepo tangu enzi, msiwazike kwa hesabu. Mleta mada, wewe mkumbuke yule mama wa Hungary wa chanjo za mRNA, zile za korona, Karikó. Chuo kikuu Marekani kilimshusha cheo 1995, ana miaka 40. Tuzo ya Nobel kaichukua 2023, ana 68.

Kifimbo: Nobel hata wanaume wanapewa wakiwa vikongwe. Huo si mfano.

Nukta: Ndiyo maana yangu! Hakuna anayewauliza wao kasi.

(Mimi ninayenukuu mjadala huu nakiri hapa Kifimbo alikuwa na hoja, ila hakuna aliyemkubalia. Kosa lake ni kuingiza mambo ya mvi.)

Asali Chungu: Mimi mwanamke na namuunga mkono Kifimbo nusu. Nimeacha rangi mwaka jana. Wanaonitetea leo humu, wengine ndio walioniambia "jitunze bwana, unajiachia". Wanawake wenzangu hao, si wasaili wenye ndevu.

Mama Pacha: Kuacha ni hiari yako. Usigeuze mvi zako kuwa kitambulisho cha ushujaa.

Asali Chungu: Na wewe usigeuze chupa ya rangi kuwa ukombozi. Mimi niliacha kwa sababu kichwa kilivimba, masikio yakatoa maji.

Mkunga Mstaafu: Hiyo huenda ni PPD, kemikali iliyomo kwenye rangi nyingi nyeusi. Mzio wake unaweza kukupata hata baada ya kuitumia miaka mingi bila tatizo.

Mleta mada: Jamani, swali lilikuwa la usaili. Nilimjibu kwamba kasi ya vijana naijua, ndio niliowafundisha kazi. Hawajanipigia mpaka leo.

Zege: Jibu kali hilo dada. Limekuponza, lakini kali.

Mama Pacha: Mkunga, na zile zilizoandikwa "haina amonia"? Mimi ndizo natumia.

Mkunga Mstaafu: Amonia kitu kingine, PPD kitu kingine, mwanangu. Geuza boksi usome viambato. Halafu paka tone nyuma ya sikio, usubiri siku mbili.

Kifimbo: Na ndevu je? Naulizia rafiki.