Bernabéu Jumatano ijayo: tiketi ninayo, viza ninayo, wenzangu wawili wanabaki

Alhamisi, 10 Aprili 2025

Ndugu zangu, salaam.

Tangu juzi usiku simu yangu haijapumzika. Wengine mnauliza kama kweli naenda Madrid Jumatano tarehe 16, wengine mnataka kujua viza nimeipataje. Nimeona niandike mara moja hapa, kila mtu asome kwa nafasi yake.

Ndiyo, naenda kuiona Arsenal yetu ikirudiana na Real Madrid uwanjani kwao Bernabéu, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, na tunakwenda na goli tatu mkononi. Jumanne nilikuwa Emirates, uwanja wetu wa London. Kiungo wetu Rice alipouweka mpira chini dakika ya 58, mzee wa kiti cha jirani alisema huyu atapiga krosi tu, maana tangu aanze mpira wa kulipwa hajawahi kufunga faulo ya moja kwa moja. Mpira ukazunguka ukuta ukaingia. Dakika ya 70 akarudia, safari hii juu kabisa kwenye pembe, na yule mzee akanikumbatia kama tumezaliwa nyumba moja. Merino akafunga la tatu dakika ya 75. Camavinga wa Real naye akapata njano ya pili dakika za mwisho, kwa hiyo marudiano hatakuwepo.

Moyo wangu lakini haujatulia, na anayewajua Real hawezi kunilaumu. Mwaka 2022 kwenye uwanja ule ule, Manchester City walikuwa mbele 5-3 kwa jumla hadi dakika ya 90. Rodrygo wa Real akafunga mawili papo kwa papo, Benzema akamalizia kwa penalti kwenye muda wa nyongeza. Wazee watakumbuka pia Derby County ya Uingereza, 1975: walishinda 4-1 kwao, wakaenda Madrid wakapigwa 5-1. Sisi beki wetu Gabriel ni majeruhi, Kiwior ndiye anayeziba pengo lake, na Jumanne alicheza vizuri, ila kule watamjaribu kila dakika. Ombi langu ni goli moja tu letu kipindi cha kwanza. Tukilipata, watahitaji manne ili tu tufike muda wa nyongeza. Goli la ugenini halihesabiwi mara mbili tena tangu 2021, lakini uzito wake vifuani mwa watu haujapungua.

Kwa nini safari hii ni kubwa kwangu? Tarehe 21 Februari 2006 nilikuwa Morogoro, kidato cha tatu, nimesimama nyuma kwenye kibanda umiza kwa sababu mabenchi yote yalikaliwa na watu wa Madrid. Wakati ule Real walikuwa na Zidane, Beckham, Ronaldo, Roberto Carlos. Sisi tulikuwa na Flamini anacheza beki ya kushoto na mtoto Fabregas wa miaka 18. Mechi ilianza saa tano kasorobo usiku, saa za nyumbani. Dakika ya 47 Henry alipokea mpira karibu na katikati ya uwanja, akawapita watu wanne na kufunga kwa mguu wa kushoto. Tulishinda 1-0, na hakuna timu ya Uingereza iliyokuwa imewahi kushinda pale kabla yetu. Rafiki yangu niliyekuwa naye usiku ule bado yuko Morogoro. Jumatano ataangalia saa nne usiku, mimi nitakuwa ndani.

Sasa viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza Hispania na nchi nyingi za Ulaya, maana hapa ndipo penye maumivu.

Sisi ni watatu tunaokwenda Emirates pamoja miaka yote. Wote tuna vibali halali vya kuishi Uingereza, wote tuna pasi za Tanzania, wote tuna pointi za mechi za ugenini za kutosha kupata tiketi. Ninayekwenda ni mimi peke yangu, na si kwa sababu ya fedha. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, waliweka kikomo cha Yuro 60 kwa tiketi ya shabiki mgeni kwenye Ligi ya Mabingwa msimu wa 2024/25. Kilichowazuia wenzangu ni kalenda.

Hesabuni pamoja nami. Madrid waliwatoa Atlético kwa penalti usiku wa tarehe 12 Machi, usiku ule ule sisi tulipomalizana na PSV ya Uholanzi. Ndipo tukajua tunakutana nao. Kutoka siku ile hadi mechi ya Madrid ni siku 35. Ubalozi una siku 15 za kutoa jibu, na kisheria unaweza kuzivuta hadi 45. Kabla ya kuzihesabu hizo, upate kwanza miadi ya kupeleka makaratasi. Wenzangu walipofungua ukurasa wa miadi, nafasi ya karibu ilikuwa baada ya Pasaka.

Mimi niliokolewa na Girona, timu nyingine ya Hispania. Mechi yetu ya kule tarehe 29 Januari tuliijua tangu mwisho wa Agosti, ratiba ilipotoka. Nikaomba Oktoba, nikaandika barua fupi kwamba ninafuata timu na huenda nikarudi Hispania, nikaambatanisha tiketi za safari zangu za nyuma. Nikapewa viza ya kuingia mara nyingi ya miezi sita. Sikuomba viza kwa ajili ya Bernabéu. Niliomba kwa Girona, uwanja mdogo wa watu wapatao elfu kumi na nne, nao ndio umenifungulia mlango wa Madrid.

Basi ushauri wangu: mwenye pasi ya kwetu na anayependa safari za Ulaya asisubiri droo ya mtoano. Omba kwa mechi ya hatua ya ligi, ile ya kabla ya mtoano, ambayo tarehe yake unaijua. Unaruhusiwa kuomba hadi miezi sita kabla ya safari. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ada ni Yuro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari iwe ya Yuro 30,000 au zaidi. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 na ibaki na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kwao. Na katika barua, iombe waziwazi viza ya kuingia mara nyingi. Usipoiomba watakupa siku nne za mechi moja na mwakani utaanza upya.

Jambo la pili, kurudi Uingereza. Kadi zetu za ukaazi zilikwisha tarehe 31 Desemba 2024, sasa tuko kwenye mfumo wa mtandaoni. Nilibadilisha pasi mwaka jana na sikuiunganisha na akaunti ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza. Nikitoka Girona, mhudumu wa shirika la ndege akaingiza namba ya pasi mpya, hakuniona kokote. Dakika arobaini nimesimama pembeni, abiria wanapita, mpaka nikafanikiwa kutoa ile namba ya uthibitisho kwenye simu na msimamizi akaikubali. Unganisheni pasi zenu leo, mkiwa mmekaa nyumbani.

---

Jibu, kutoka Leicester

Kaka, asante na hongera. Mwanangu wa miaka 14 anataka kufa na Arsenal. Yeye ana pasi ya Uingereza, mimi bado ya kwetu na viza sina. Mjomba wake, raia wa hapa, amepata tiketi mbili na anataka kumchukua. Nimwache? Naogopa usiku, na ni Wiki Takatifu.

---

Jibu

Dada yangu, shikamoo. Mwache aende. Pasi yake haihitaji viza kwa safari fupi, ila itazame vizuri tarehe zake, pasi za watoto za hapa hudumu miaka mitano tu. Mwandikie barua ya ridhaa yenye sahihi yako, namba yako ya simu, na nakala ya pasi yako, mjomba aibebe pamoja na cheti cha kuzaliwa. Askari wa mpaka wana haki ya kuuliza mtoto anasafiri na nani.

Kuhusu Wiki Takatifu, Alhamisi na Ijumaa ni sikukuu kule, ndiyo maana ndege za kurudi zimepanda bei. Mjomba aangalie za Jumamosi pia, huenda zikawa nafuu hata ukiongeza malazi.

Usiku wenyewe uko hivi. Mechi ni saa tatu usiku saa za Madrid. Ikiisha kawaida, ni kama saa tano. Wageni huzuiwa ndani kwa muda hadi wenyeji watawanyike, na ikifika penalti tutakaribia saa sita usiku tukiwa bado kwenye viti. Metro inafungwa saa saba na nusu usiku. Kwa hiyo walale karibu na laini namba 10, ndiyo inayopita uwanjani, kituo kinaitwa Santiago Bernabéu. Kutoka uwanja wa ndege wapande laini namba 8 hadi Nuevos Ministerios, wabadilishe, kituo kimoja tu wamefika. Chakula cha halali kipo kingi mtaa wa Lavapiés, kuna Wasenegali na Wabangladeshi wengi. Wote wawili watembee na pasi halisi mfukoni, polisi wa kule wakikuuliza kitambulisho hawataki picha ya kwenye simu.

Mwambie mjomba anitafute kwa simu Jumatano mchana. Mtoto atakaa katikati yetu.