Pawa kamili, pawa pungufu, au jozi mbili za miwani? Nina daftari la miezi 14, tulinganishe

Mpanda_Ngazi
Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa kompyuta, saa tisa kwa siku, na sioni mbali tangu kidato cha pili. Mwaka jana mwezi wa 3 nilipimwa nikaambiwa -3.75 kulia na -3.50 kushoto. Baadaye nikakutana na habari za watu wanaoshusha pawa 0.25 kila miezi mitatu minne, wakidai jicho huifuata lenzi taratibu mpaka linarudi. Nikaanza. Nimepita njia tatu, nawaeleza nilivyoziona.

Pawa kamili muda wote: kibao cha daladala nakisoma ikiwa bado inakata kona. Tatizo ni saa kumi jioni mbele ya skrini, paji la uso linavuta kama limefungwa kamba.

Pawa pungufu muda wote: nilikaa miezi mitano na -3.00. Ndani ya nyumba raha tupu. Nje nikawa nachagua daladala kwa rangi ya mstari ubavuni badala ya maandishi, na nimewapita watu bila salamu, mama mkwe akiwemo. Hilo bado nalilipia.

Jozi mbili: kamili ya kutembelea, -2.25 ya kompyuta. Ndiyo niliyonayo sasa. Kero yake ni kubadilisha badilisha na kusahau moja ofisini.

Kuhusu kufuatilia: kila Jumapili nachukua futi ya fundi cherehani, sifuri naiweka shavuni, gazeti upande wa pili, bila miwani, jicho moja moja. Pale herufi zinapoanza kuota manyoya nasoma sentimita, nagawanya 100 kwa namba hiyo, napata dayopta, yaani kipimo cha pawa ya lenzi. Jicho la kulia nilianza na sm 27, yaani 3.70. Juzi nimepata sm 31, yaani 3.23. Na chati niliyobandika ukumbini, nikivaa ile -3.00, nimetoka mstari wa 6/12 hadi 6/9, wenye herufi ndogo zaidi (jicho zima husoma 6/6). Karibu nusu dayopta imeondoka! Swali langu: nirudi kwenye pungufu muda wote nimalizie kazi, au nibaki na jozi mbili?

bin_Mvita
Ndugu yangu hongera kwa subira. Mimi nilishindwa wiki ya pili. Kichwa kiliniuma na bado nilikuwa nakunja macho kama mtu anayetazama jua la Kilindini saa saba.

mpimachati
Mkuu Mpanda_Ngazi, kazi yangu ni kupima macho, na daftari lako limenifurahisha kuliko wagonjwa wengi wanaokuja na "macho tu hayaoni". Sasa nikuulize kabla sijakubali hiyo nusu dayopta.

1. Ile Jumapili ya kwanza ulipima saa ngapi, na mwanga gani?
2. Chati ya ukumbini ni ile ile tangu mwaka jana?
3. Ulipopewa -3.75 uliwekewa matone ya kulegeza misuli ya jicho?

Mpanda_Ngazi
1. Usiku, taa ya chumbani. Siku hizi napima mchana dirishani, kuna mwanga mzuri zaidi.
2. Ndiyo ile ile.
3. Hapana. Nilienda jioni nikitoka kazini, nikaangalia kile kipicha ndani ya mashine, wakanibadilishia vioo, basi.

mpimachati
Majibu yako ndiyo yanayonipa shaka.

Kwenye mwanga mkali mboni husinyaa, na mboni ndogo hufanya ukungu upungue, sawa na kuchungulia kwenye tundu la sindano. Kwa hiyo kutoka taa ya usiku kwenda dirishani kunakupa sentimita kadhaa za bure. Tena kwa namba kama zako kila sentimita ina thamani: kutoka sm 28 kwenda 29 ni dayopta 0.12. Futi ikiteleza shavuni sm 2, umeshapata robo dayopta ambayo haipo.

Chati nayo umeikariri. Hukukusudia, lakini Jumapili sitini mbele ya herufi zile zile, hata mtoto wa chekechea angeziimba.

Halafu kuna jambo la kweli ambalo si udanganyifu wako: ubongo huzoea ukungu. Mtu akikaa muda na lenzi pungufu hujifunza kuusoma ukungu na anaweza kupanda kwenye chati bila pawa ya jicho kubadilika hata kidogo. Ndiyo maana wengi wanaapa kwamba imewafanyia kazi. Wanaona vizuri zaidi, hawaongopi, ila jicho ni lile lile.

Maiopia, yaani huku kutoona mbali, mara nyingi ni jicho lililorefuka toka mbele kwenda nyuma. La mtu mzima lina kama milimita 24. Milimita moja ya ziada ni dayopta 2.5 hadi 3 hivi. Lenzi pungufu hailirudishi ndani. Wapo wanaoshuka kweli, nao ni wale waliopewa pawa kubwa kuliko haja, au ambao misuli ya ndani ilikaza kwa kusoma karibu mno, wanafunzi wa mitihani hasa. Hao matone huwaumbua siku hiyo hiyo.

MamaTwins_Moro
Samahani mtaalamu nidandie hapa. Wangu mmoja wa pacha, miaka 10, kapimwa -1.50. Bibi yake anasema nisimpe miwani, macho "yatazoea kulemaa", nimpe karoti. Nikasoma mada hii nikawaza nimpe ya -0.75 awe anajizoeza. Nishaurini.

mpimachati
Dada, kwa mtoto usifanye hivyo. Hilo lilijaribiwa Malaysia, matokeo yakatoka 2002: watoto 94, kundi moja likapewa lenzi pungufu kwa kama dayopta 0.75, lingine kamili. Baada ya miaka miwili waliopunguziwa walikuwa wameongezeka 1.00 na wenye kamili 0.77. Nia ilikuwa kuwasaidia.

Karoti mpe, ni chakula. Vitamini A huokoa macho ya mtoto aliyeipungukiwa, ila haifupishi jicho refu.

Kinachofaa kwa umri wake ni jua. Kule Guangzhou, Uchina, shule ziliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku kwa miaka mitatu. Waliopata maiopia walikuwa asilimia 30.4, wenzao wasioongezewa 39.5. Hiyo ni kwa kuzuia isianze, kwa hiyo yule pacha mwingine mtoe nje kwanza. Kwa huyu aliyeanza, muulize daktari wa macho kuhusu matone ya atropini yaliyochanganywa hafifu sana, na lenzi maalumu za kupunguza kasi. Vyote hupunguza kasi ya kuongezeka, havirudishi nyuma. Na miwani yake iwe pawa aliyopimwa.

Konda_Mstaafu
Mimi naongelea barabara tu. Niliwahi kuendesha na miwani ya zamani, pungufu kwa nusu hivi, nikitoka Moro usiku. Mnajua lori likiharibika watu hukata matawi wakayatandaza barabarani kukuonya. Matawi nikayaona taa zikiwa zimeshayafikia. Lori lenyewe halikuwa na hata kiakisi kimoja. Niliposimamisha pale, abiria aliyekaa mbele akashuka akatembea kwa miguu, nauli hakudai. Usiku mboni inapanuka, ukungu unakua. Kama lazima ushushe pawa, shusha mezani kwako.

bin_Mvita
Nami niongeze: namba zikiyumba ghafla pima sukari. Ami yangu alibadilishiwa miwani mara mbili mwaka mmoja, kumbe ni kisukari. Sukari iliposhuka, miwani yote miwili ikawa haimfai.

mpimachati
Kweli kabisa. Na kwa wazee, mtoto wa jicho anaweza kumfanya mtu asome tena bila miwani, nyumba nzima ikashangilia. Ni lenzi ya jicho inayozeeka, si uponyaji.

Mpanda_Ngazi, jibu la swali lako: baki na jozi mbili. Hesabu yake iko wazi. Ukiwa na -3.50 na ukavaa -2.25, imebaki 1.25, na 100 gawanya kwa 1.25 ni sm 80. Skrini iko sm 60. Misuli haihangaiki, hicho ndicho kilichoondoa kamba ya paji la uso. Ni starehe, siyo tiba, na starehe ya saa tisa kwa siku si ndogo.

Kufuatilia endelea, ila badilisha: saa ile ile, taa ile ile, chati ya E ambayo mtu mwingine anaigeuza, na usikunje jicho. Ipo programu ya simu, Peek Acuity, iliyofanyiwa majaribio Nakuru kwa mtindo huo wa E. Kisha nenda asubuhi ukawekewe matone. Na hata namba ingeshuka kesho, ukiona vimulimuli, nukta nyeusi nyingi za ghafla, au pazia linalofunika pembeni, kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Jicho refu lina retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, iliyonyooshwa.

Mpanda_Ngazi (wiki tatu baadaye)
Nimerudi. Nilienda saa nne asubuhi, matone mara mbili, nikasubiri. Nikiwa na miwani simu ikawa ukungu mtupu, nikaivua nikasoma ujumbe kwa kuisogeza hadi sm 28 hivi. Kutoka nje jua lilikuwa kama la kuchomelea mageti, nikaenda nimejifunika gazeti lile lile la kupimia.

Majibu: -3.50 kulia, -3.50 kushoto. Yaani kulia nilikuwa na robo ya ziada tangu siku ya kwanza, kushoto hakuna kilichosogea miezi 14 yote. Nimekaa na hilo siku mbili bila kusema na mtu.

Nimetengeneza kamili mpya, ile -2.25 ipo pale pale kwenye kompyuta. Jumapili mke wangu akashika E, akaanza kuigeuza na kucheka. Nikiwa na ile -3.00, kwenye chati nisiyoijua, nimepata 6/12 na herufi mbili za 6/9. Hizo mbili nitaziandika kwa ubongo.

MamaTwins_Moro
Pole mwaya. Wangu kavaa Jumamosi. Kanisani akaniuliza kwa sauti, "Mama, kumbe ile saa ina mshale wa sekunde?"

Konda_Mstaafu
Mpanda_Ngazi, kwa hiyo ile -3.00 huitumii tena? Fremu ni ya chuma au plastiki?